Sinema bubu ya Kichina iliyoniambia kuhusu mama kile ambacho ndugu zangu walinificha

Wakuu, nawasalimu wote, mlio nyumbani na mliotawanyika duniani kama mimi.

Naandika nikiwa kitandani, Al Wakrah, huku kusini mwa Doha. Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Atakayesema ni chai, nitamwachia kikombe anywe.

Mimi ni Mduruma wa Kinango, Kwale. Kwa wasiopajua, Kinango ni Pwani, ila si ile Pwani ya kwenye kalenda. Bahari hatuioni. Tunachokiona ni vumbi, na mawingu yanayopita juu yetu kwenda kunyesha kwa wengine.

Huku nafanya kazi ya security kwenye jengo la maofisi kule Lusail. Nasimama mlangoni, nasema good morning sir, good evening madam, siku inaisha. Sio kazi mbaya, nimewahi kufanya mbaya zaidi.

Mama nilimwacha nyumbani na kaka yangu Tsuma na mkewe. Mvua zilikuwa zimekosa tena, bwawa la kijiji limebaki tope, na mbuzi wengi walikuwa wameshakufa. Siku naondoka mama alikuwa na kikohozi. Akasema ni vumbi tu, niende.

Kila Ijumaa, siku yangu ya off, nilikuwa nampigia.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu. Ataniuliza nimekula nini. Nikimwambia wali, atauliza na nini. Nikimwambia kuku, atasema, "Kuku kila wiki? Kwani huko mnaumwa?"

Kwetu kuku anachinjwa kwa mgeni au mgonjwa. Basi tunacheka, ananiombea, anakata simu bila kuaga. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kwake simu ikishamaliza kazi yake inakatwa, kama taa.

Halafu simu zikaanza kuwa ngumu.

Nikipiga, Tsuma anapokea. Mama amelala. Ijumaa nyingine mama ameenda kwa shangazi. Nyingine mama yuko kanisani, na mimi najua kanisa lenyewe halina ibada saa hizo.

Mwisho Tsuma akaniambia sauti ya mama imekauka kwa ajili ya kile kikohozi, na daktari amemkataza kuongea mpaka koo lipone.

Nikasema sawa, basi niwekee video nimuone tu. Akasema network ya Kinango haibebi video. Nikasema basi mrekodi, unitumie ukipata network.

Akanitumia klipu.

Wakuu, hiyo klipu ilinipa raha, sitawaficha. Mama amekaa nje ya nyumba, ungo mapajani, anapepeta pojo. Anainua uso, anaona anarekodiwa, anapunga mkono kama anayefukuza kuku, anasema kitu. Anasema kitu kingine. Kisha anarudi kwenye ungo wake.

Haikuwa na sauti. Tsuma akaandika chini yake, "Maiki ya simu imeharibika. Mama anasema hajambo, anakusalimu sana, anasema fanya kazi kwa bidii."

Nikaiangalia ile klipu kwenye basi la kwenda Lusail na kwenye basi la kurudi. Nikawaonyesha wenzangu chumbani. Wakaitazama wote, wakasema mama yako ana nguvu bado, wakanirudishia simu.

Sasa hivi nikikumbuka nyuso zao siku ile, natamani kupasua ukuta.

Mtauliza, kwa nini hukushuku? Nilishuku. Hata lile group letu la familia la WhatsApp, Tsuma aliniambia limevunjwa kwa sababu ya ugomvi wa mashangazi, na nikaona hapa pana jambo. Ila mtu akishuku kwamba mama yake hayupo, anajihisi kama yeye ndiye anayemuua. Nilikuwa nafukuza lile wazo, linarudi, nalifukuza tena.

Nilichotaka ni kimoja tu: nisikie sauti yake, hata kama ni ya kunong'ona, hata kama ni kikohozi.

Sasa niwaletee Kato.

Kato ni Mganda, kitanda chake kinapakana na changu. Kabla ya kuja huku alikuwa VJ kwenye kibanda cha video Kampala. Wabongo mnaijua hii kazi, mnao ma-DJ wenu wanaotafsiri sinema za Kihindi. Filamu inachezwa, jamaa anashika maiki, anawasemea wahusika wote, anaweka na ya kwake. Kwa Kato polisi wa Marekani anadai chai kama trafiki wa barabara ya Jinja.

Hata huku camp, mchana wa Ijumaa tukishakula, tunabaki kwenye ukumbi wa chakula wenye TV. Tunabana sauti ya filamu, Kato anasimama pembeni na kijiko mkononi. Maiki yake ni kijiko. Kiswahili chake ni cha Kampala, cha kubomoa, ila ndiyo raha yenyewe.

Siku hiyo Wafula, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, akamchokoza.

"Buda, wewe kila siku unaibia filamu ambazo watu wanaongea. Hebu tafsiri ile haina mtu anaongea tuone."

Kato akacheka. "Hiyo ndiyo rahisi! Nani atabishana na mimi?"

Akaingia mtandaoni kwenye TV, akatafuta, akaangukia sinema moja ya Kichina ya zamani kabisa, nyeusi na nyeupe, bubu. Maandishi yanatokea katikati ya picha, lakini ni ya Kichina matupu. Kwetu sisi ni kama nyayo za kuku.

Hapa niwaelezeni jambo moja. VJ wa kweli huitazama filamu kwanza peke yake, ajue mwisho wake, ndipo asimame mbele za watu. Kato mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo. Siku hiyo alikuwa na kiburi cha kuchokozwa, akaicheza bila kuiona.

Ikaanza.

Picha imechakaa, inachirizika mistari. Shamba limepasuka kwa ukame. Watu wembamba wamesimama kwenye ukingo wa kisima, ndoo inatoka na mchanga.

"Hii ni Karamoja!" mmoja akapiga kelele nyuma.

"Hii ni Turkana!"

"Kinango hiyo," nikasema mimi. Watu wakacheka.

Kato akawabatiza. Kijana wa Kichina akawa Okello. Mwenye mashamba, jitu nene lenye kofia, akawa Chifu. "Banange, Chifu amekuja! Tumbo yake imefika jana, yeye anafika leo!"

Tukacheka mpaka wapishi wakatoka jikoni kuangalia.

Kisha akatokea mama yake Okello. Mwembamba, nywele amezifunga nyuma, amekaa mlangoni na ungo. Wakuu, ungo wao ni kama wetu. Anapepeta nafaka ambayo ni makapi zaidi ya nafaka, na anavyotikisa mikono ni vilevile.

Nilitabasamu peke yangu tu, nikajisemea moyoni, ukame ni ukame, hauna kabila.

Chifu anachukua gunia la mwisho. Okello anaona hapana, anaaga, anakwenda mjini kutafuta kazi. Mama anamsindikiza mpaka njia panda. Kato alifanya vizuri sana hapo. Akaipunguza sauti, akawa mama.

"Enda, mtoto wangu. Mimi niko sawa. Hii ni vumbi tu."

Jamani, hiyo vumbi alitoa wapi? Nilikuwa nimemsimulia mimi mwenyewe kuhusu mama, na ikamtoka bila kujua. Nikamwona amesita, akakohoa, akaendelea.

Okello yuko mjini, anavuta mkokoteni. Picha inarudi kijijini. Mama anakohoa kwenye mkono wa nguo. Anakwenda kulala. Jirani anamletea maji kwenye bakuli, hanywi.

Kato akaanza kwenda mbio. "Mama Okello amechoka kidogo. Analala. Kesho ataamka."

Jirani anavuta kitambaa, anamfunika uso.

"Mbu," Kato akasema. "Mbu ni wengi huko China."

Hapo kichekesho kilikuwepo, wakuu. Ukumbi ule unacheka hata tangazo la sabuni. Hakuna aliyecheka.

Wafula akasema, "Kato, weka mpira."

"Eeh, tuweke mpira," mwingine akaunga mkono.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikasema, "Acheni tuone mwisho bwana."

Hakuna aliyesogea. Filamu ikaendelea.

Wanakijiji wakatokea wamevaa nguo nyeupe. Wote, wakubwa kwa watoto, nyeupe mpaka vilemba. Wanatembea kwa mstari kwenye lile shamba lililopasuka.

"Harusi!" Kato akasema, na sauti yake ikapanda ghafla. "Angalia, nyeupe, ni harusi ya kijiji! Mama Okello amepona, naye amekwenda harusi!"

Niwaambie ukweli, nilimwamini. Nguo nyeupe kwangu mimi ni harusi au ni ubatizo; kwamba kwa Wachina ni ya msiba nilikuja kuambiwa baadaye. Nikawa namtafuta yule mama katikati ya watu waliovaa nyeupe, nimuone amepona. Nilimtafuta kwa bidii, nikasogeza hadi kiti.

Sikumuona. Niliona mwanamke analia huku ameshikwa mikono na wenzake wawili. Niliona wanaume wamebeba sanduku refu mabegani.

"Hiyo ni kabati," Kato akasema. "Zawadi ya bibi harusi."

Na hapo ndipo nilipogeuka, sijui kwa nini. Nikaangalia nyuma yangu.

Hakuna aliyekuwa anaangalia TV. Ukumbi mzima ulikuwa unaniangalia mimi.

Wafula akainamisha kichwa. Mwingine akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Nikarudisha uso kwenye TV. Okello amerudi kijijini na kifurushi mkononi, amekileta kutoka mjini. Anasukuma mlango. Ndani hamna mtu. Ungo umeegemezwa ukutani.

Nikamngojea Kato aseme. Kato kashusha kijiko, hasemi. Kwa mara ya kwanza tangu ianze, ile sinema ikawa bubu kweli.

Nikamuuliza, "Kato, mama yuko wapi?"

"Yuko harusi," akasema polepole.

"Mama yangu mimi. Ndiye ninayemuuliza."

Kato akaweka kijiko mezani. Akaja akakaa kwenye kiti kilicho karibu nami, akanishika goti. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Mtu ambaye mama yake yuko hai hashikwi goti namna ile.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi walinikataza."

Sitaandika nilivyofanya hapo. Waliokuwepo wanajua, na meza moja ya camp inajua.

Jioni ile ile nikampigia Tsuma. Sikumsalimu. Nilimwambia tu, "Nimejua." Akalia kama mtoto, na mimi niliyetaka kumtukana nikajikuta nambembeleza yeye.

Mama alikuwa ameshazikwa zamani, kando ya baba. Kikohozi kilimlaza baada ya miezi michache tu ya mimi kuondoka, na hospitali ikawa mbali na maji yakawa mbali zaidi. Katika zile Ijumaa za "amelala" na "ameenda kwa shangazi," nyingine alikuwa hoi kitandani. Nyingine alikuwa tayari yuko chini.

Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua nisiambiwe. Sababu zao zilikuwa mbili.

Moja, kwetu habari ya kifo cha mzazi haitupwi kwenye simu. Mtu anakalishwa, anashikwa, kuna mtu upande huu na mwingine upande ule. Wakauliza, huyu yuko Arabuni peke yake, atashikwa na nani?

Ya pili, kijana mmoja wa kijiji cha pili aliwahi kuambiwa msiba wa babake akiwa nchi nyingine ya Ghuba. Akaacha lindo, akatembea barabarani bila kujua anakwenda wapi, na alirudishwa nyumbani akiwa si yule aliyeondoka. Mpaka leo anazungumza peke yake sokoni.

Kwa hiyo wakapanga nitaambiwa nikimaliza mkataba, nikikanyaga uwanja wa nyumbani. Tsuma alikuwa na namba ya Kato, maana niliwahi kumpigia kwayo simu yangu ilipokuwa na shida. Akampigia, akamsihi aniangalie na awaonye wengine isije ikamtoka mtu. Chumba kizima kikafunga mdomo. Walikuwa wananiachia kipande cha nyama kikubwa, na mimi nikadhani ni watu wakarimu.

Nilimuuliza Tsuma kuhusu klipu.

Akasema aliirekodi mama akiwa bado anakaa nje. Haikuwa na tatizo la maiki. Mama alikuwa anakohoa kila baada ya neno, na Tsuma akaona nikisikia kile kikohozi sitalala, akaiondoa sauti. Hakuituma siku ile. Aliituma baadaye, mama akiwa hayupo tena, nilipomganda.

Nikamwambia sawa, nitumie yenye sauti sasa.

"Nilifuta," akasema. "Niliogopa isije ikakufikia."

Nikamuuliza, basi alikuwa anasema nini? Maana wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyeshika simu.

Wakuu, Tsuma hakumbuki. Alikuwa anaangalia picha itoke vizuri, hakusikiliza maneno. Yale ya "hajambo, anakusalimu, fanya kazi kwa bidii" aliyaandika yeye.

Sasa kaeni na hilo kidogo.

Mimi simlaumu sana Kato. Kato alikuwa na picha isiyo na sauti na mtu wa kumwonea huruma, akasema alichoweza. Lakini nikitazama vizuri, kaka yangu alikuwa VJ wa mama yangu kwa muda wote huo. Alimsemea. Alimpeleka kanisani na kwa shangazi, akamuuguza koo, na mama mwenyewe amelala kaburini. Na mimi nilikaa huku nacheka kwa wakati wake, nasikitika kwa wakati wake.

Likizo sikuomba. Niende nikafanye nini? Kaburi limeshaota majani, kama mvua imenyesha. Nasimama mlangoni Lusail, nasema good morning sir. Watu wanasema guard yule siku hizi ana adabu, ametulia.

Kato ameacha kutafsiri. Ijumaa tunatazama mpira.

Wiki iliyopita nilimpa simu yangu. Nikamwambia, wewe umeishi kwa kusoma midomo ya watu usiojua lugha yao. Mtazame mama, uniambie anasema nini. Hata neno moja. Nilijua ni Kiduruma, nikamwambia mimi nitamsaidia, aniambie tu mdomo unakwenda vipi.

Kato akaitazama. Akairudia. Akaisogeza karibu na uso, akairudia tena. Nikaona midomo yake inacheza, anajaribu.

Nilijua anaweza kunitungia kitu kizuri. Ndiyo kazi yake, na mimi ningelikubali.

Akanirudishia simu. "Sijui, ndugu yangu," akasema. "Sijui anasema nini."

Nikamshukuru. Ndiye mtu wa kwanza katika mambo haya yote kuniambia hivyo.

Nilichojifunza hakina urembo. Mwenye msiba ana haki ya msiba wake. Ukimnyang'anya ili asiumie, ataumia tu, ila ataumia akiwa amechelewa, na hatakuwa na wa kulia naye kwa sababu nyinyi mlishamaliza kulia. Kama mna mtu nje, na yakatokea ya kutokea, mtafuteni rafiki yake, mwambieni amkalishe, amshike, amwambie. Kato yule yule aliyepewa kazi ya kunificha angeweza kupewa kazi ya kunishika. Mikono anayo.

Na usimfute mtu wako sauti kwa sababu anakohoa. Kikohozi nacho ni sauti yake.

Karibuni mchangie. Wenye ndugu Ulaya na Uarabuni, nyinyi mngefanyaje? Mliofichwa kama mimi, mlisamehe vipi, na mlianzia wapi? Matusi yenu pia nayapokea, nina muda mpaka basi la asubuhi.

Ila naomba jambo moja. Asiniambie mtu kwamba walifanya kwa upendo.

Hilo nalijua. Ndilo linalonikosesha wa kumchukia.